SOMO LA UFUNDI: Madigadi ya Mbele ya Pikipiki na Tope la Masika



Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, hugeuza njia za mashamba yetu kuwa tope. Katika chai ya Kyenjojo na Bushenyi, na katika miwa ya Kakira, Lugazi na Kinyara, wengi wetu hufanya kazi au huenda kazini kwa pikipiki: msimamizi wa wachumaji, karani wa mizani, fundi wa pampu, na yule mwenye pikipiki yake anayempakia mwenzake wa zamu ya usiku. Tope linaloruka kutoka gurudumu la mbele huchafua nguo, na hilo ni jambo dogo. Likiingia machoni wakati lori la miwa linakuja mbele, ni jambo la uhai.

Somo hili linaeleza kwa nini madigadi nyingi hazitoshi, jinsi ya kuirefusha kwa kipande cha mpira, na makosa ambayo huweza kuyafanya marekebisho hayo yawe ya hatari kuliko tope lenyewe.

1. TOPE HURUKA KWENDA WAPI?

Tairi likipita majini hubeba maji na tope kwenye meno yake. Tope likiachia, haliendelei kuzunguka na tairi. Hunyooka moja kwa moja, kama jiwe lililotoka kwenye kombeo, kufuata upande ambao tairi lilikuwa likielekea pale lilipoachia.

Nyuma ya gurudumu, tairi linakuwa linapanda. Kwa hiyo tope linaloachia karibu na ardhi huruka chinichini kwenda nyuma. Linaloachia juu kidogo huruka kwa mshazari na kupiga injini, plagi na miguu. Linaloachia usawa wa ekseli hupanda wima na kukutana na madigadi. Lile linaloshikilia mpaka kileleni hutupwa mbele, kisha pikipiki hulifikia na upepo hulipeleka kwenye taa na usoni mwa dereva. Ndiyo maana madigadi haina budi kupita kilele cha tairi na kuendelea mbele kidogo, hadi mahali ambapo tairi limekwisha kuanza kushuka.

Mwendo nao una sehemu yake. Ukitoka kilomita 20 kwa saa ukafika 40, nguvu inayolirusha tope huongezeka mara 4. Hakuna madigadi itakayokusaidia kama kupunguza mwendo kabla ya dimbwi.

2. HASARA YAKE

Macho tumekwisha kuyataja. Hasara nyingine huja polepole, na ndizo zinazokula mshahara:

(a) Injini inayopozwa kwa hewa hutegemea mapezi yake. Tope likikauka kati ya mapezi, joto halitoki, na injini huungua kabla ya wakati wake.

(b) Maji yakiingia kwenye kofia ya plagi, injini hukohoa au huzimika, mara nyingi katikati ya maji.

(c) Mchanga ukishika kwenye vyuma ving'aavyo vya shokomzoba za mbele, hukwaruza chuma na kukata sili. Oili huvuja, na ikifika kwenye breki, breki haishiki.

3. KUPIMA KWA FIMBO

Kabla ya kukata chochote, pima. Simamisha pikipiki wima, mwenzako aikalie. Chukua fimbo au ubao ulionyooka, urefu wa mita moja na nusu hivi. Uegemeze nyuma ya gurudumu la mbele, upande wa chini, uliguse tairi mahali pamoja tu. Sasa usogeze juu au chini huku ukiendelea kuligusa tairi, mpaka uguse pia ukingo wa chini wa madigadi. Tazama ncha ya juu ya fimbo inaelekea wapi.

Mstari huo ndio mpaka wa tope. Kilicho juu ya mstari kimekingwa. Kilicho chini yake kitapigwa. Kwenye pikipiki nyingi utaona fimbo inaelekea kwenye plagi au juu zaidi. Kazi yetu ni kuulaza mstari huo mpaka upite chini ya plagi na silinda.

Jambo moja la kuzingatia: mpira unaoning'inia wima, mbali kidogo na tairi, hukinga zaidi kuliko mpira wa urefu uleule uliopindwa kufuata duara la tairi. Jaribu mwenyewe kwa fimbo na kipande cha kadibodi, utaona mstari unavyolala.

Miguu haitapona yote. Watengenezaji wenyewe walilijua hilo: Honda Super Cub, iliyotoka mwaka 1958, iliwekewa kinga kubwa ya plastiki mbele ya miguu ya dereva, mbali na madigadi. Asiye na kinga ya namna hiyo avae gambuti.

4. KUTENGENEZA

Vifaa: kipande cha mpira mgumu wenye unene wa milimita 4 au 5, bolti 3 za milimita 5 zenye vichwa vya mviringo, washa pana 6, nati 6, kisu kikali na drili. Mpira wa tope wa nyuma ya lori unafaa. Mkanda uliochakaa wa kupitishia majani kiwandani unafaa zaidi, kwa kuwa una nyuzi ndani yake na hauchaniki. Tyubu ya tairi haifai. Sababu yake tutaieleza.

Hatua ya 1. Kata kielelezo cha kadibodi kwanza. Juu kilingane na upana wa madigadi. Chini kiwe kipana kuliko tairi kwa sentimita 3 kila upande, maana tope hutoka pembeni pia. Ukingo wa chini usikaribie ardhi kuliko sentimita 15, usije ukanaswa na mawe na visiki vya miwa.

Hatua ya 2. Bana kielelezo mahali pake na upime tena kwa fimbo. Ukiridhika, kata mpira.

Hatua ya 3. Toboa matundu 3 kwenye madigadi, kila moja likiwa sentimita 2 kutoka ukingoni. Kama madigadi ni ya plastiki, toboa polepole isipasuke. Kama ni ya bati, paka rangi kwenye matundu ili kutu isianze hapo.

Hatua ya 4. Funga mpira upande wa ndani wa madigadi. Vichwa vya bolti viwe upande wa tairi, nati ziwe nje. Weka washa pande zote mbili, na nati mbili kwa kila bolti ili mtikisiko usizilegeze.

5. MAKOSA YANAYOUA

Gurudumu la mbele likikwama ghafula, dereva huanguka kabla hajajua kilichotokea. Kwa hiyo soma sehemu hii mara mbili.

Kosa la kwanza: mpira laini. Tairi linapanda upande wa nyuma. Mpira laini ukiligusa, tairi huuvuta juu, huukunja ndani ya madigadi na kuukaba. Hii ndiyo sababu ya kukataa tyubu. Mpira uwe mgumu wa kusimama wenyewe, na pasiwe na mahali popote ulipo karibu na tairi kuliko upana wa vidole viwili.

Kosa la pili: bolti ndefu iliyotokeza ndani. Itakata tairi, au itashika tope mpaka lizibe.

Kosa la tatu: kusahau kwamba pikipiki huinama. Kwenye shimo, shokomzoba huzama na gurudumu hupanda likirudi nyuma kuelekea injini. Mpira ulioonekana kuwa mbali na bomba la moshi sasa unaligusa na kuungua. Kamata breki ya mbele, mkandamize usukani watu wawili hadi mwisho, kisha ugeuze kushoto na kulia. Mpira usiguse bomba, fremu wala waya wa breki.

Ikiwa pikipiki yako ina madigadi ya juu, iliyofungwa chini ya usukani na kuachana na tairi, jua kwamba yenyewe haishuki wala kupanda pamoja na gurudumu. Hapo nafasi unayoiona pikipiki ikiwa imesimama siyo nafasi utakayokuwa nayo shimoni. Pima ukiwa umeikandamiza.

Kosa la nne: kuing'oa madigadi kabisa kwa kuwa inajaa tope. Kwenye pikipiki nyingi, chuma kinachoishika madigadi ya chini huziunganisha pia shokomzoba mbili zisichezecheze. Ukikitoa, usukani hulegea.

Ni kweli kwamba udongo wa mfinyanzi hujaa kati ya tairi na madigadi. Ukisikia gurudumu linazito, simama mara moja uchokoe kwa kijiti. Ambaye njia yake ni ya udongo huo kila siku, afikirie madigadi ya juu badala ya kuirefusha ile ya chini.

6. KUJARIBU

Funga karatasi au kadibodi mbele ya injini. Pita kwenye dimbwi uwanjani, mwendo wa kilomita 20 hivi, bila abiria. Tazama tope lilipoishia. Fanya hivyo kabla na baada ya kufunga mpira, uzilinganishe karatasi mbili. Kisha kaza nati tena baada ya siku ya kwanza, na uzikague kila wiki.

7. MALI NA GHARAMA NI ZA NANI?

Pikipiki ya kampuni usiitoboe kwa siri. Peleka ombi karakana, liandikwe kwenye kitabu cha matengenezo, na fundi aikague kazi. Gharama ni ya mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake na kuhakikisha vyombo vya kazi viko salama. Pikipiki ya shamba ni chombo cha kazi kama panga na mashine.

Na kama unataka mkanda uliochakaa, omba. Kipande kilichotupwa nyuma ya kiwanda bado ni mali ya kiwanda, na mtu anaweza kupoteza kazi ya miaka mingi getini kwa mpira wa urefu wa mkono. Pata karatasi yenye sahihi ya msimamizi kabla ya kukitoa. Yafaa zaidi tawi liombe kwa niaba ya wote mara moja: kipande kimoja cha mita mbili kinatosha pikipiki kadhaa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA TAWINI

1. Kwa nini mpira unaoning'inia wima hukinga zaidi ya uliofuata duara la tairi?
2. Taja sababu mbili za kukandamiza shokomzoba kabla ya kusema kazi imekwisha.
3. Ni njia zipi shambani kwenu zenye udongo unaoziba gurudumu? Je, mwajiri amekwisha kuombwa kumwaga moramu hapo?
4. Pikipiki za kampuni katika tawi lenu ni ngapi, na ngapi zina madigadi nzima? Mwakilishi aandike hesabu na kuileta kwenye mkutano ujao.