Kupunguza Matumizi ya Nishati katika Nyumba ya Wanafunzi

Wanafunzi wengi wa sekondari katika wilaya za Masasi na Newala hutoka katika vijiji vilivyo mbali na shule zao. Pasipo na bweni, hulazimika kupanga vyumba karibu na shule na kujipikia wenyewe. Tuchukue mfano wa nyumba moja ya namna hiyo yenye wanafunzi wanne. Jioni inapofika, majiko manne huwashwa uani, sufuria nne huinjikwa, na kila mmoja hutumia mkaa wake. Kabla ya mwisho wa mwezi fedha ya matumizi imekwisha, na saa za kujisomea zimeliwa na kupuliza moto. Je, nishati hiyo yote imekwenda wapi? Swali hili linaweza kujibiwa kwa fizikia ya darasani.

Moto hufanya kazi gani?

Ili kupandisha joto la kilo 1 ya maji kwa digrii 1 ya sentigredi, zinahitajika kilojuli 4.2. Mwanafunzi wa Newala, mji ulio juu ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, ataona kwamba maji huchemka kwenye digrii 98 hivi wala si 100, kwa kuwa kanieneo ya hewa hupungua kadiri tunavyopanda. Basi kuchemsha lita 3 za maji yenye digrii 25 huhitaji:

3 × 4.2 × (98 − 25) = kilojuli 920 hivi.

Maji yakishachemka hayazidi kupata joto, hata moto ukichochewa namna gani. Nishati inayoongezwa hugeuza maji kuwa mvuke tu, na kila kilo 1 ya maji hutumia kilojuli 2,260 kugeuka hivyo. Mpishi akiiacha sufuria wazi ikitokota mpaka nusu lita ikauke, amepoteza kilojuli 1,130. Yaani nusu lita iliyokwenda hewani imekula nishati nyingi kuliko ile iliyochemsha lita zote 3!

Tuyageuze mahesabu hayo kuwa mkaa. Kilo 1 ya mkaa mkavu hutoa kilojuli 29,000 hivi. Tuseme jiko hufikisha sehemu moja ya tano tu ya nishati hiyo ndani ya sufuria, yaani kilojuli 5,800. Kuchemsha lita 3 kutahitaji gramu 160 hivi za mkaa. Kukausha nusu lita kutahitaji gramu 195. Juu ya Uwanda wa Makonde hasara hii ni ya namna mbili. Udongo wa kichanga hunyonya mvua upesi, mito ni adimu, na maji husukumwa kwa pampu kutoka mabondeni au hununuliwa kwa ndoo. Mvuke unaopotea ni mkaa uliopotea, na ni maji yaliyopotea.

Hapa tunapata kanuni ya kwanza: funika sufuria, na maji yakichemka punguza moto kwa kuziba mlango wa hewa wa jiko. Chakula huiva kwa joto na muda, si kwa kelele za mtokoto. Mbaazi na maharage yalowekwe usiku kucha ili muda wa kuiva upungue.

Chungu kimoja badala ya vinne

Joto hupotea kupitia uso wa sufuria. Sufuria moja ya lita 4 ina uso mdogo kuliko jumla ya nyuso za sufuria nne za lita moja moja. Zikiwa na umbo lilelile, uso wa ile kubwa ni asilimia 63 tu ya jumla hiyo. Tena, kila jiko linalowashwa hutumia mkaa kujipasha lenyewe joto, na kila jiko hubakiwa na makaa yanayoteketea bure baada ya chakula kuiva. Kupika kwa zamu chungu kimoja huondoa hasara hizo, na huwapa wanafunzi watatu kati ya wanne jioni nzima ya kusoma.

Jiko na kikapu

Jiko la bati tupu hupeleka joto pembeni kwa wingi. Ndiyo sababu mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafundi wa Kenya, wakiiga kwa sehemu majiko ya Thailand, walitengeneza jiko lenye kuta za udongo wa kuchomwa ndani ya bati. Udongo haupitishi joto kwa urahisi. Majiko ya aina hiyo yameenea pia Tanzania.

Kikapu nacho ni jiko. Chukua kapu kubwa, lijaze majani makavu, sufi au matambara, uache nafasi ya sufuria katikati. Chemsha maharage kwa nguvu kwa dakika 10 au zaidi, kisha yafunike na kuyazika humo pamoja na mto juu yake. Yataendelea kuiva bila moto. Kabla ya kula, yachemshwe tena.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwezi Mei 2024, unakusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Hata anayepikia gesi au umeme, kanuni za mvuke na mfuniko ni zilezile.

Onyo

Usiku wa Juni na Julai ni wa baridi uwandani, na wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani ili wapate joto. Kufanya hivyo ni hatari ya kufa. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hushikamana na damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Aliyelala hatahisi chochote. Mtu akiumwa kichwa, akipata kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko, atolewe nje mara moja na kupelekwa hospitali. Jiko likae nje. Baridi izuiwe kwa blanketi.

Jaribio

Azimeni mizani ya springi katika maabara ya shule. Kwa wiki moja kila mwanafunzi ajipikie, na mkaa upimwe kabla na baada ya kupika. Wiki ya pili pikeni pamoja, kwa sufuria iliyofunikwa. Andikeni vipimo katika jedwali, kisha mgawanye mkaa wa kila wiki kwa idadi ya milo.

Maswali

1. Kwa nini chakula cha aina moja huchelewa kuiva Newala kuliko Mtwara mjini, iliyo pwani?
2. Taa ya wati 60 na taa ya wati 9 huwashwa saa 5 kila usiku kwa siku 30. Kila moja itatumia uniti ngapi za umeme? (Jibu: 9 na 1.35.)
3. Eleza kwa nini sufi huhifadhi joto vizuri kuliko bati.