Mtoto Akitumwa Pombe, Asiuziwe



Kila alfajiri mashua zinaingia Feri, Dar es Salaam. Samaki wanashushwa, mnada unaanza. Wapo wavuvi, wachuuzi, mama lishe, na abiria wa pantoni la Kigamboni. Watoto nao wamo. Huyu anapaa samaki magamba, yule anabeba ndoo. Jua likipanda, wana pesa mkononi. Je, nani atawauzia nini?

Zamani kidogo jibu lilikuwa jepesi mno. Pombe kali ilifungwa katika vipakiti vidogo vya plastiki. Watu waliviita viroba. Kiroba kilienea mfukoni mwa kaptula ya shule, na bei yake haikumshinda mtoto. Basi tarehe 1 Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku viroba nchini. Uganda nao walifanya hivyo mwaka 2019.

Lakini kuondoa kipakiti si kuondoa pombe. Mwuzaji akifungua chupa na kupima kidogo kidogo, bei inarudi kuwa ya mtoto. Kwa hiyo tunahitaji sheria inayomtazama mnunuzi pia.

Sheria hiyo ipo. Ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Inasema mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Inakataza kumwuzia mtoto pombe au sigara. Na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inamtaka mwuza pombe awe na leseni.

Kwa nini miaka 18? Kwa sababu mwili wa mtoto bado unajengwa. Ubongo wake unaendelea kukua hata kupita miaka 20. Pombe inauharibu ungali mbichi. Na anayeanza mapema huwa rahisi kuwa mlevi ukubwani.

Sasa tuchukue mfano. Mtoto anafika dukani.

"Shikamoo mama. Naomba pombe ya baba."

"Marahaba mwanangu. Baba yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Kanituma."

Mama afanyeje? Pengine mtoto anasema kweli. Pengine atainywa mwenyewe nyuma ya nyumba. Mama hawezi kujua. Akikataa, baba atakasirika na kuhamia duka la jirani. Mama naye ana watoto wa kulisha. Hapo ndipo penye ugumu.

Dawa yake ni umoja. Duka moja likikataa, linapoteza mteja. Maduka yote ya mtaa yakikataa, hakuna anayepoteza. Baba atakuja mwenyewe kwa miguu yake.

Na kwetu kijijini ni hivyo hivyo. Kilabu cha pombe ya kienyeji hakina tofauti na duka la mjini. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, mkutano mkuu wa kijiji ukatoa maoni, kisha ikapelekwa wilayani kuidhinishwa. Lakini sheria ndogo haitafaa kitu ikiwa sisi wazazi tunampa mtoto kibuyu na kumwambia, "Hebu kimbia kilabuni." Mlango tunaufungua wenyewe.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini kiroba kilikuwa hatari kwa watoto kuliko chupa kubwa?
2. Kijijini kwenu, nani huwatuma watoto pombe?
3. Wauzaji wa kijiji chenu wanaweza kukubaliana nini?