Usimnyime mtoto maji kwa kuogopa mkojo safarini

Wazazi wengi wanaposafiri na mtoto aliyeacha nepi hivi karibuni, jambo la kwanza wafanyalo ni kumnyima maji. Huamini kuwa asipokunywa hatakojoa, na viti vya gari havitalowa. Hili ni kosa, na laweza kuharibu mafunzo ya miezi kadhaa.

Kibofu cha mtoto wa miaka miwili hubeba takriban mililita 120 za mkojo, yaani karibu nusu ya glasi. Isitoshe, mtoto wa umri huo husema amebanwa wakati mkojo uko karibu kutoka. Hawezi kungoja nusu saa kama mtu mzima.

Asipokunywa maji ya kutosha, choo chake huwa kigumu. Choo kigumu huumiza, na mtoto aliyeumia mara moja huanza kukizuia. Kadiri anavyokizuia ndivyo kinavyozidi kukauka tumboni. Matokeo yake ni kwamba hukataa poti hata baada ya kurudi nyumbani, na mzazi hudhani ni ukaidi. Kuzuia mkojo mara kwa mara nako huchangia maambukizi ya njia ya mkojo, hasa kwa wasichana.

Kabla ya safari

Usianze kumfunza mtoto kutumia poti wiki ile ile mnayosafiri. Ikiwa ameshaanza, mketishe kwenye poti dakika chache kabla ya kuondoka. Beba poti aliyoizoea, maana watoto wengi huogopa tundu la choo cha shimo au choo cha kuketi cha watu wazima. Pakia pia nguo za kubadilisha, karatasi za chooni, sabuni na mtungi wa maji.

Njiani

Simamisha gari kila baada ya saa mbili hivi, bila kungoja mtoto aombe. Kwa mfano, kutoka Nairobi hadi Mombasa, safari ya kilomita zipatazo 480, unaweza kusimama Emali, Mtito Andei, Voi na Mariakani.

Akibanwa kabla ya kufika mjini, dereva atoke kabisa barabarani ndipo asimame. Mteremshe mtoto kwa mlango wa kushoto, ulio mbali na magari yapitayo. Usimfungue mkanda wala kumweka kwenye poti gari likiwa linakwenda, kwani breki moja ya ghafla yaweza kumuua.

Kinyesi cha mtoto hueneza kuhara na minyoo sawa na cha mtu mzima. Kimwage katika choo au ukifukie mbali na maji, kisha mnawe mikono kwa sabuni.

Katika basi la usiku, ambalo halisimami kila abiria anapotaka, si aibu kumvika nepi. Mweleze kuwa ni ya safari tu, na asubuhi umvalishe chupi yake.

Akijikojolea, mbadilishe bila kumchapa wala kumwaibisha mbele ya abiria. Mtoto anayekaripiwa hujifunza kuficha haja yake.

Mpeleke kliniki iwapo analia anapokojoa, ana homa, mkojo wake una damu, au amepitisha siku tatu bila kwenda haja kubwa na tumbo linamuuma.