Rangi Moja kwa Mashua Zote

SWALI: Hapa Mocímboa da Praia natunza daftari la mashua za uvuvi kwa programu ya Access, nami nimeandika amri kwamba leseni iliyokwisha muda wake, kisanduku chake kiwe chekundu. Lakini kikigeuka kimoja, vyote vya orodha hugeuka. Nifanyeje?

JIBU: Katika fomu ya orodha, visanduku uvionavyo safu kwa safu kwa hakika ni kisanduku kimoja tu, ambacho programu hukichora upya kwa kila mashua, mfano wa muhuri ugongwao juu ya karatasi nyingi, na amri yako, iliyobadili muhuri wenyewe, haina budi kudhihiri kotekote. Iache amri hiyo, utumie mapambo ya kimasharti (Conditional Formatting), ambayo hupimwa kwa kila safu peke yake: chagua kisanduku cha tarehe ya kwisha kwa leseni, uweke sharti kwamba tarehe hiyo iwe imetangulia siku ya leo, kisha uchague rangi. Tarehe isiyojazwa haitatimiza sharti hilo, bali itabaki kana kwamba leseni ni halali, hivyo iwekee sharti la pili. Matoleo ya Access yaliyotangulia lile la 2010 hayakubali masharti zaidi ya matatu. Nami, kwa kuwa kompyuta aghalabu hufunguliwa ufukweni penye jua kali, naona herufi nzito ni bora kuliko wekundu.