Dondoo muhimu: Kuchagua tiba ya wasiwasi mjini Goma
Mkaaji wa Goma aliyeng'olewa kwake na volkeno ya Nyiragongo mwaka 2021 au na vita vya 2025, na ambaye hofu inamnyima usingizi, achague tiba kwa kutazama kinachomsumbua. Kumbukumbu za ukatili zikimrudia, inastahili kutangulizwa tiba ya kuchakata fikra, yaani kuchunguza na kurekebisha imani kama ile ya kujilaumu, kwani utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba, ikitolewa kwa vikundi mashariki mwa Kongo, iliwasaidia zaidi wanawake manusura wa ukatili wa kingono kuliko ushauri wa mmoja mmoja. Aliyelemewa na kupoteza shamba au kazi huhitaji zaidi ushauri wa kutatua matatizo hatua kwa hatua. Anayefikiria kujiua apelekwe mara moja Tulizo Letu, kituo cha magonjwa ya akili mjini humo.