Mtafutaji wa Nyalenda, funga kibanda ukale na wenzako

Pita Ring Road hapa Kisumu saa tatu usiku: samaki bado wako kwenye karai, kinyozi ana mteja kitini, na kijana wa boda anamsubiri abiria wa mwisho ambaye hafiki kamwe. Aliyejiajiri hana kengele ya kutokea. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa aliyeajiriwa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Mama mboga ni lazima ajipe ruhusa mwenyewe, naye ni bosi mkali.

1. Waige wavuvi wa omena. Wao huvua usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta samaki juu. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazina kazi, basi mitumbwi hukaa ufukweni na nyavu hushonwa. Hakuna anayewaita wavivu. Kila biashara ina mbalamwezi yake. Jumapili, kwa mfano, soko la Kibuye hufurika, na mteja wako wa sukumawiki huenda yuko huko akitafuta bei nafuu. Chunguza ni saa zipi unakaa tu ukipunga nzi, uanze kufunga hapo. Si lazima uanze na siku nzima. Jioni mbili kwa wiki zinatosha kwa kuanzia.

2. Usihesabu mauzo, hesabu kilichobaki. Toa bei ya mzigo, makaa, nauli, ushuru wa soko. Toa na deni la Fuliza ya M-Pesa pia, ambayo tangu ije mwaka 2019 imetuzoesha kukopa bila hata kumtazama mtu usoni, huku ada yake ikipanda kila siku unapochelewa. Kinachobaki kigawe kwa saa ulizokaa. Wengine watagundua kwamba saa mbili za mwisho za usiku zinawapa pesa ya viberiti.

3. Bima kwanza, sare ya harusi baadaye. Bima ya afya ya SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kwa asiye na mshahara, kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na hapo si pabaya. Ugumu ni kwamba hulipwa kwa mwaka mzima: 3,600 kwa mkupuo. Nani ana 3,600 iliyokaa tu? Chama chenu cha kuchangiana kinayo. Kubalianeni kwamba kila mwanachama akipokea zamu yake, mweka hazina anakata ya SHA kabla pesa hazijagusa mkono. Watu watanung'unika mwezi wa kwanza. Lakini hao hao ndio wangepitisha daftari la mchango siku mmoja wenu akilazwa Russia, kama wengi wanavyoiita hadi leo Hospitali ya Jaramogi iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti.

4. Pima presha. Haina maumivu mpaka siku inapokuangusha. Nenda asubuhi, kabla ya kufungua.

5. Siku ya ibada iwe na mpaka unaojulikana. Wasabato wametutangulia hapa. Misheni yao ilifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Muuzaji Msabato hufunga Ijumaa jua likizama, na Jumamosi yenye wateja wengi humpita. Je, wateja humkimbia? Wa kudumu hununua mapema, kwa sababu wanajua hatayumba. Anayefungua leo na kufunga kesho ndiye wanayemhama. Ila na kanisani tuambiane ukweli: kamati tatu, kesha kila Ijumaa na harambee juu ya harambee ni kazi ya pili isiyo na malipo. Chagua kamati moja.

6. Mlo mmoja pamoja. Kama usiku haiwezekani, basi chai ya alfajiri. Mtoto anayekuona umelala tu anajua ada yake imelipwa, hajui unachekaje.

7. Piga simu nyumbani siku ambayo hutumi pesa. Wazazi kule Seme au Nyakach wamezoea kwamba simu yako ni ya M-Pesa au ya msiba. Mama atauliza haraka, "Nani amekufa?" Mwambie hakuna, unataka tu kujua kama mvua imenyesha. Kisha mwache aongee mpaka salio liishe.