Kuiongezea Hewa Injini Iliyotembea Sana: Mafunzo Niliyopata Kolwezi

Kati ya Kolwezi na Likasi, kusini mwa Kongo, gari dogo huishi nyuma ya malori. Yanayokwenda mpakani Kasumbalesa yamebeba mabamba ya shaba na magunia ya kobalti. Yanayorudi yamebeba chokaa na asidi ya viwandani. Ukiwa na Land Cruiser ya zamani yenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda 6 na lita 4.2 isiyo na tabo ya kuisukumia hewa, kulipita lori kwenye kilima ni kushika roho mkononi. Ndiyo maana nililifungia gari langu tabo, likiwa limeshapita kilomita 400,000. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Mwinuko umeshachukua sehemu ya nguvu. Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa hapa ni kama asilimia 85 ya ile ya pwani. Pampu ikimwaga dizeli ileile huku hewa imepungua, mafuta hayaungui yote, na moshi mweusi unatanda mlimani. Kwa hiyo bar 0.15 za mwanzo za tabo kwenye geji zinarudisha tu kile ambacho injini ingekipata Dar es Salaam. Aliyelielewa hilo hana haja ya kukimbilia namba kubwa. Mimi nimeishia bar 0.4, na zinanitosha.

2. Pima kabla ya kununua. Fundi mmoja mzee wa mtaa wa Manika alikataa kugusa kazi mpaka apime mgandamizo wa kila silinda kwa geji ya dizeli. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, ringi au valvu zimechoka, na hewa ya ziada itazimaliza. Alifungua pia kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, aone kama moshi unapuliza kutoka chini. Nozo nazo zilipelekwa kupimwa, kwa sababu nozo inayodondosha mafuta badala ya kuyanyunyiza hutoboa pistoni.

3. Supachaja si tabo. Supachaja huzungushwa na mkanda kutoka kwenye krenki. Aina moja yake ilitokana na mashine ya ndugu wawili wa Marekani, akina Roots, ya mwaka 1860, iliyotumika kupuliza hewa kwenye matanuri na migodini. Nguvu yake inakuja mara tu unapokanyaga, lakini inakula sehemu ya nguvu ya injini. Uwiano wake umefungwa na ukubwa wa puli, kwa hiyo ukipanda mahali penye hewa nyepesi, nayo inatoa kidogo. Tabo huzungushwa na moshi wa ekzosi, na huweza kuongeza kasi kufidia mwinuko. Kwa dizeli ya nyanda za juu kama zetu, nachagua tabo.

4. Adui mkubwa ni joto. Injini ya 1HZ ina uwiano wa mgandamizo unaozidi 22 kwa 1, na mafuta huanza kuwaka kwenye chumba kidogo ndani ya silinda hedi. Toyota walipotengeneza ndugu yake yenye tabo, 1HD-T, waliushusha uwiano huo hadi 18.6 na kubadili namna ya kuchoma mafuta. Hilo ni onyo tosha. Funga geji ya joto la ekzosi, kipimo chake kikae kabla moshi haujafika kwenye tabo. Ikikaribia nyuzi 700 kwenye mlima mrefu, legeza mguu. Rejeta isafishwe ndani na nje, na pampu ya mafuta isiongezwe ovyo.

5. Vumbi linaua kimyakimya. Kiangazi, barabara za migodini hupeperusha vumbi jekundu kutwa nzima. Tabo huvuta hewa nyingi zaidi, na ufa mdogo kwenye bomba baada ya kichungi hugeuza hewa hiyo kuwa msasa. Kaza kila klempu, kagua kila mpira, na usiweke kichungi cha bei rahisi.

6. Oili na dizeli safi. Tabo hutegemea oili ya injini, kwa hiyo ibadilishe mapema kuliko zamani. Ukitoka mlimani, acha injini ingurume kidogo kabla ya kuizima. Dizeli ya madumu ya kando ya barabara ipitie kichungi chenye kikombe cha kutenga maji.

7. Breki kwanza. Gari linalokwenda kasi zaidi lazima lisimame vizuri zaidi. Pedi, ngoma na matairi viwe tayari kabla tabo haijafungwa.

Ukiwa na fedha za kazi moja tu, iache tabo. Nunua nozo nzuri, rejeta safi na kichungi halisi. Injini nyingi tunazoziita zimechoka zina kiu ya matunzo hayo, na zikiyapata zitakupandisha vilima vya Fungurume bila kuongezewa chochote.